Nimenunua Bedford RL ya zamani ya jeshi, ipo Muleba. Naifikishaje Mwanza?

Ngosha wa Butimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Baada ya kuzungushwa sana na madalali, hatimaye chuma kimepatikana. Ni Bedford RL, lile lori la jeshi la Muingereza: kabini imekaa juu ya injini, magurudumu yote manne yanavuta, na juu ya paa kuna tundu la duara la askari kuchomoza kichwa. Bedford walianza kuyatoa mwaka 1953. Hili langu liliingia mikononi mwa raia zamani, likafanya kazi ya misheni, kisha likanunuliwa na mzee mmoja wa Muleba aliyekuwa akisombea kahawa. Mzee ametangulia mbele za haki, watoto wake ndio wanaoniuzia. Nimetoa ya kuanzia, iliyobaki nitamalizia gari likitoka pale. Bei naiweka kapuni, mama watoto anasoma humu.

Hali yake, bila kuficha. Injini ni ile ile ya petroli, silinda sita, lita 4.9. Ukiingiza hendeli mbele inazunguka, kwa hiyo haijagandamana, ila hakuna aliyeisikia ikiunguruma siku za karibuni. Pedali ya breki inazama mpaka sakafuni. Matairi mawili yana upepo, mawili yamekalia rimu. Tangi la mafuta limeota kutu ndani. Kadi ipo, jina ni la marehemu. Rangi ni kijani cha jeshi, imepauka lakini bado unaijua.

Njia nimeshaipiga hesabu: Muleba, Kyamyorwa, Buzirayombo, Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema, Busisi, unavuka daraja, Usagara, nyumbani. Lami mwanzo mwisho. Ninachojiuliza ni nilitengeneze kule kule nije nikiliendesha, nilivute, nilipakie kwenye lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), au nilipeleke Kemondo lije kwa meli.

Wale mtakaoniambia ningenunua Fuso, nawasalimu.

Mvuvi wa Luchelele

Ungenunua Fuso.

Spana 19

Hongera mkuu, umepata gari la maana. Sasa tulia nikuambie, maana hizi Bedford nimezifungua tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji Igogo, za jeshi na zile za raia za pua ndefu.

Kila mtu ataanza na swali la injini inawaka au haiwaki. Hilo liweke mwisho. Injini ikigoma, gari linasimama. Breki ikigoma, gari halisimami. Pedali kuzama maana yake oili imeshatoroka, na gari lililokaa juani mipira ya silinda za magurudumu inakuwa imekauka. Watu wanajaza oili mpya, wanapampu, pedali inapanda, wanapiga makofi. Ule mpira mkavu unavumilia ukikanyaga uwanjani kwa mzee. Siku ukiukanyaga kwa nguvu kwenye mteremko, na tani nne na nusu za chuma zinakusukuma kwa nyuma, ndipo unapochanika. Na ukiweka oili ya kawaida ya injini kwa sababu oili ya breki imeisha dukani, mipira yote inavimba na kazi inaanza upya.

Matairi: usidanganywe na meno. Tairi la zamani linaweza kuwa na meno yote na lisifae hata kwa bembea ya watoto. Tazama ubavuni. Nyufa zikiwa zinaingia ncha ya kucha, hilo halistahili kwenda hata Biharamulo.

Na hapa naomba usome mara mbili. Magari ya jeshi ya Muingereza ya enzi hizo mengi yana rimu za vipande viwili vilivyokamatana kwa nati. Ukisimama mbele ya gurudumu utaona duara mbili za nati. Duara ndogo ya katikati inashika gurudumu kwenye habu. Duara kubwa ya nje inashika vipande viwili vya rimu. Jeshini walikuwa wanazipaka nati za nje rangi nyekundu ili mtu asizishike. Miaka imepita, rangi imepakwa juu ya rangi, nyekundu haionekani tena. Anakuja kijana wa pancha na spana yake, anafungua za nje tairi likiwa na upepo. Kile kipande cha rimu kinaruka na hakuna wa kukikwepa. Kwa hiyo kabla mtu hajagusa gurudumu lolote, toa sindano ya valvu, subiri upepo uishe kabisa, hata kwa yale yanayoonekana yamekaa chini.

Jingine: upande wa kushoto nati za magurudumu zina uzi wa kinyume. Kufungua unazungusha kulia. Asiyejua ataning'inia kwenye bomba akikaza badala ya kufungua, mpaka akate stadi, ile bolti inayoshika nati. Tazama ncha ya stadi, mara nyingi wamegonga herufi L.

Kwa kifupi: usiliendeshe. Lipakie.

Utingo Mstaafu

Vijana mmekuwa waoga kupita kiasi. Mwaka 1978 nilikuwa utingo kwenye lori la ushirika, likachukuliwa kwa kazi ya vita sisi tukiwa ndani. Tulisomba kutoka Mwanza mpaka Kagera mvua inanyesha, barabara yote udongo, daraja la Kyaka limeshavunjwa, watu wanavuka kwa daraja la kuelea. Hakuna aliyeuliza ncha ya kucha. Breki ilikuwa gia. Ukiona mteremko unashuka na gia ya pili, ukiona mteremko mbaya unaweka gia ya kwanza na mimi natembea kando na gogo la kutia chini ya gurudumu.

Kijana nunua betri, safisha kabureta, sugua platini, funga dumu la petroli juu ya kabini lishuke lenyewe kwa mpira. Njoo zako pole pole.

Spana 19

Shikamoo mzee. Heshima yako. Lakini mwaka 1978 barabara hiyo ulikutana na nani? Leo kuna mabasi yanakimbilia stendi, kuna malori ya migodini, na Katoro pale bodaboda wanakatiza bila kutazama. Utingo wa kutembea na gogo atagongwa kabla gari halijafika kwenye mteremko.

Na lile dumu la petroli juu ya kabini nakuomba usimfundishe. Kwenye RL injini iko ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria. Mpira ukichomoka, petroli inamwagika juu ya bomba la moshi na miguu yako iko hapo hapo.

Utingo Mstaafu

Marahaba. La dumu nimekuelewa. La uoga bado.

Binti wa Capri Point

Kaka Ngosha, wote wanakimbilia breki, mimi naomba nikurudishe kwenye karatasi. Umesema kadi ina jina la marehemu na watoto wanakuuzia. Watoto gani? Wote? Marehemu hawezi kukusainia mkataba, na mtoto mkubwa kuwa mkubwa hakumfanyi muuzaji. Anayetakiwa kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hiyo inaanzia Mahakama ya Mwanzo kwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Omba kuona barua ya uteuzi. Bila hiyo utatoa hela, utaleta gari Mwanza, halafu mtoto wa nyumba nyingine atatokea na gari litarudi au litakaa kituo cha polisi likiota majani.

Ikishapatikana: mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, kadi, kitambulisho cha msimamizi, TIN yako, unaenda TRA kuhamisha umiliki. Mimi nilipohamisha gari langu nililipa ada ya uhamisho 50,000, kadi 10,000, na ushuru wa stempu asilimia moja ya thamani. Lile deni la leseni ya gari ya kila mwaka linalowatisha watu wenye magari yaliyolala lisikunyime usingizi, ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Kabla ya yote, linganisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kadi za zamani zimeandikwa kwa mkono na kunakiliwa mara nyingi.

Halafu rangi. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Hayo yalikuwa mavazi, lakini uone jinsi jambo hilo linavyochukuliwa. Usitembeze lori la kijani cha jeshi barabara kuu ukitegemea maelezo marefu. Lifunike turubai kabisa, na kama kuna alama au namba yoyote ya jeshi ubavuni ifute kabla halijatoka uani. Ukilipaka rangi mpya, nenda kairekebishe kwenye kadi, rangi ni sehemu ya usajili.

Ngosha wa Butimba

Dada yangu, umenistua. Barua ya mahakama sikuiuliza. Nampigia simu kaka mkubwa leo.

Mzee Utingo shikamoo, na wewe Spana asante. Rimu ni hizo hizo, nimeangalia picha nilizopiga: duara mbili, zote zimepakwa kijani.

Mvuvi wa Luchelele

Mimi bado sijaelewa kwa nini asilete kwa meli. MV Victoria tangu ikarabatiwe na kurudi majini 2020 inabeba mzigo tani 200. Lori moja la tani nne si kitu.

Lobedi Haina Haraka

Uzito si tatizo mkuu. Tatizo ni kwamba gari halitembei lenyewe. Kwanza utalipakia Muleba kulipeleka Kemondo, maana haliendi kwa miguu. Pale utalishusha. Kisha lipandishwe melini, Mwanza bandarini lishushwe tena, lipakiwe tena mpaka Butimba. Kila kupakia na kushusha ni hela na ni hatari. Meli ni nzuri kwa gari linalowaka na kufunga breki. Kwa mfu, pakia mara moja, shusha mara moja.

Mimi ni dereva wa lobedi, nabeba mitambo ya migodini upande wa Geita. Nikupe siri ya kazi yetu: lobedi inayokodishwa kutoka Mwanza kwenda Muleba na kurudi inakulipisha njia mbili. Tafuta iliyopeleka mtambo Kagera na inarudi tupu. Dereva anayerudi tupu bei yake inaongeleka, tajiri wake mwenyewe anataka angalau hela ya mafuta. Ila lazima uwe tayari, gari limeshasogezwa barabarani, karatasi mkononi. Hatukai kusubiri mtu atafute ufunguo.

Na kwa wale wa kuliendesha: sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inataka kila gari la kuanzia tani tatu na nusu lipite mizani. RL tupu imeshavuka hapo. Kwa hiyo Kyamyorwa utaingia, na Usagara utaingia, na kote huko utakuwa mbele ya watu wenye muda wa kukutazama. Na breki mbovu.

Kitu cha kufikiria mapema ni mahali pa kupandia. Sio kila lobedi ina ngazi za nyuma, nyingi za kwetu tunapanda kwenye tuta. Pale mnadani kwenu kuna kipakilio cha ng'ombe?

Ngosha wa Butimba

Kipo. Nitamtuma mtu apime.

Utingo Mstaafu

Kama mnalivuta, msisahau propela, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zitoe zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Injini ikiwa imezimwa hakuna kinachorusha oili juu kwenye gia boksi, magurudumu yanazungusha vyuma vikavu. Na injini ikizimwa breki haina msaada, pedali inakuwa ngumu. Tuliwahi kulivuta moja kwa nyororo, la mbele lilipunguza mwendo, la nyuma likalipanda mgongo. Tumieni chuma kigumu cha kuvutia, sio nyororo.

Spana 19

Mzee, leo umenena. Hapo hatubishani.

Ngosha wa Butimba

Mrejesho wa kwanza.

Barua ya msimamizi wa mirathi haikuwepo. Familia haikuwa na nia mbaya, hawakujua tu kwamba gari bovu nyuma ya ghala ni mali ya kurithiwa sawa na shamba. Kikao cha ukoo kikakaa, wakateua dada yao wa pili, wakaenda mahakamani. Nilisubiri. Lobedi moja iliyokuwa inarudi tupu ilinipita hivi hivi na niliumia, lakini Binti wa Capri Point alikuwa sahihi: kwenye kile kikao alitokea mtoto ambaye kaka mkubwa hakuwa amemtaja kabisa. Sasa naye amesaini.

La pili ni chasi. Spana 19 alikubali tufuatane Muleba (tulikuwa hatujawahi kuonana, namshukuru hadharani). Alisugua reli ya chasi kwa brashi ya waya na dizeli kidogo, kutu likatoka kwa magamba, chini yake namba ikajitokeza moja moja. Kwenye kadi tarakimu ya nne imeandikwa 1. Kwenye chuma ni 7, na mkia wake umeliwa na kutu ukabaki mdogo. Aliyenakili enzi hizo aliona 1. Tumepata ukaguzi wa polisi na dada yao akairekebisha TRA kabla sijamalizia hela. Ningeigundua nikiwa Mwanza ningeonekana mimi ndiye niliyebadilisha chasi.

Kipakilio cha mnadani: hakifai. Kimejengwa kwa upana wa ng'ombe, na RL ina mita 2.4. Yule niliyemtuma alipima urefu na kimo akasahau upana.

Matairi: Spana alitoa sindano zote nne, hata kwa yale mawili mazima. Moja lilipuliza muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Vijana wa pale waliokuja kutazama walikuwa na spana tayari mkononi, akawaomba wakae mbali na kwanza kabisa akachukua kopo la rangi nyekundu akapaka nati zote za duara ya nje, gurudumu moja baada ya jingine. Ndipo kazi ikaanza. Tumeweka matairi ya kuazima ya lori jingine, saizi ni ile ile 1100 kwa 20, hayo yamejaa kanda hii yote.

Dalali Asiye na Njaa

Mkuu ukichoka nayo niambie, kuna mzungu wa hoteli anatafuta ya kuweka getini.

Ngosha wa Butimba

Getini weka tembo wa saruji.

Lobedi Haina Haraka

Injini mliijaribu?

Spana 19

Tuliijaribu, kwa sababu mwenye mali alikuwa anakosa usingizi. Nilitoa plagi zote sita, nikamimina oili kidogo kila silinda, tukaizungusha kwa hendeli taratibu mpaka ikawa laini. Platini nimesugua, kondensa nimeweka mpya. Petroli sikutumia tangi lake, nilimwaga kikombe kidogo kwenye kabureta. Iliunguruma mara moja, ikatoa moshi wa buluu na maganda ya kahawa kwenye bomba la moshi (panya walishahamia), ikazima. Inatosha. Nilitaka kujua kama cheche ipo na kama kuna mgandamizo. Sikutaka kuipeleka popote.

Ngosha wa Butimba

Mrejesho wa pili, lori liko Mwanza.

Lobedi tuliyoipata ilikuwa imepeleka kijiko upande wa Kagera na inarudi tupu, kama alivyosema mwenzetu. Dereva alipiga simu usiku, asubuhi alikuwa barabarani anapiga honi. Pa kupandia palikuwa mtihani. Kando ya barabara kuna shimo la zamani walikochimba moramu, na ukingo wake mmoja umekatwa wima. Lobedi ikarudi nyuma mpaka mkia ukagusa ukingo. Tofauti ya kimo ilikuwa ndogo, tukaziba kwa mbao za mninga na udongo. Trekta la mkulima mmoja likalivuta RL kutoka kwa mzee kwa chuma kigumu, propela zote mbili zimelazwa ndani ya bodi. Mzee Utingo, nilikukumbuka.

Kupandisha hatukulisukuma. Dereva wa lobedi alikataa kata kata. Gari lisilo na breki likishaanza kuteremkia kwenye sakafu ya lobedi halina wa kulizuia, linaenda kugonga shingo. Walifunga nyororo nyuma kwenye trekta na kapi ya mkono mbele. Mbele wanavuta kidogo, nyuma wanaachia kidogo, na kijana mmoja kila upande ana kabari ya mbao anaisogeza nyuma ya gurudumu. Ilikuwa kazi ya jasho, watu wa sokoni walikuja na viti.

Kufunga nimejifunza kitu. Mimi ningefunga nyororo kwenye chasi, ndicho chuma kinene unachokiona. Dereva akaingia chini na kuzipitisha kwenye eksili, mbele mbili zimepishana, nyuma mbili zimepishana. Maelezo yake: ukifunga chasi, springi zinacheza njiani, gari linapanda na kushuka, nyororo inalegea kila shimo. Ukifunga eksili, gurudumu limebanwa sakafuni na bodi linacheza juu yake linavyotaka. Tulisimama Bwanga kukagua, hazikuwa zimelegea hata pete moja.

Turubai lilifunika kila kitu mpaka chini ya rimu. Hata hivyo tulisimamishwa. Askari aliinua pembe, akaona kijani, akauliza. Nilimpa faili zima: barua ya mahakama, mkataba, kadi, ukaguzi wa chasi. Alisoma kila ukurasa, akauliza kama litapakwa rangi, nikamwambia ndiyo. Tukaendelea. Mizani zote mbili tulipita bila neno.

Katoro ndipo tulipopoteza muda, siku ya soko. Geita hatukusimama. Busisi nilikuwa na hamu nayo. Miaka yote nimevuka pale kwa kivuko, unapanga foleni, unanunua mahindi ya kuchoma na samaki mpaka unashiba, unasubiri zamu ya magari makubwa. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya ziwa. Dereva hakupunguza hata gia. Nitakuwa mkweli, yale mahindi niliyakosa.

Mvuvi wa Luchelele

Picha mkuu. Na mwisho ulifikaje Butimba? Lobedi haiingii mtaani kwenu, nyaya za umeme ziko chini pale.

Ngosha wa Butimba

Hatukuiingiza. Tulishusha kwenye yadi moja yenye tuta upande wa Mkolani, kwa mtindo ule ule wa kuvuta na kuachia. Kutoka pale mpaka kwangu tulilivuta alfajiri kabla ya daladala, gari moja mbele lina chuma kigumu, jingine nyuma linawasha taa za hatari. Mzee jirani yangu alitoka na kanzu ya kulalia akauliza vita vimeanza wapi.

Picha zinakuja nikishapaka rangi. Za kijani siziweki mtandaoni.

Binti wa Capri Point

Busara. Umiliki umehama?

Ngosha wa Butimba

Umehama dada. Kadi mpya ina jina langu na namba ya chasi yenye 7.

Utingo Mstaafu

Hongera kijana. Ila ungeliendesha.

Mpenda Vya Kale

Nimefuatilia uzi kimya kimya, nina swali moja kwa Spana. Injini hizi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, na huku kwetu kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kuanzia 2006. Hii ya sasa isiyo na risasi haitakula viti vya valvu? Na spea atapata wapi, Bedford yenyewe kiwanda kilishafungwa?

Spana 19

Swali zuri. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu, hasa vya kutolea moshi, injini ikifanya kazi nzito kwa muda mrefu mwendo mkubwa. Lori la kutembea Jumapili Butimba mpaka Nyegezi halifiki huko. Ninachofanya ni kupima nafasi ya valvu mara kwa mara. Nafasi ikianza kupungua ovyo, ujue kiti kinaliwa, hapo ndipo tunafungua silinda hedi na kuweka viti vigumu. Kufungua injini nzima leo kwa hofu ni kutafuta kazi.

Spea si mbaya kama watu wanavyodhani. Injini hii ilifungwa pia kwenye Bedford nyingi za raia, vipande vingine bado viko kwenye maboksi ya maduka ya zamani. Na Uingereza kuna yale magari ya zimamoto ya serikali waliyoyaita Green Goddess, mengi yamejengwa juu ya chasi hii hii ya RL. Yalihifadhiwa miaka na miaka, yakatolewa wazima moto walipogoma mwaka 1977 na tena 2002, kisha yakauzwa. Wenye magari hayo ndio wanaoweka soko la spea hai. Mipira ya breki nimeagiza kwa watu wa aina hiyo.

Mpenda Vya Kale

Na matairi ya kuazima?

Ngosha wa Butimba

Mwenyewe ameshayachukua, lori liko juu ya magogo. Jumamosi tunafungua madramu ya breki, gurudumu la kushoto mbele kwanza. Anayetaka kuja kushika spana karibu, chai ipo. Nati nyekundu haziguswi.